Shangazi: Makaburi hayajakunyang'anya mume

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, naishi Ilazo hapa Dodoma, kwetu ni Rombo na mume wangu ni Mgogo wa Mpwapwa. Kila Pasaka lazima ukoo wao wote uende kijijini kufyeka makaburi ya baba na babu zao, yaani siku nne nzima zinaishia kwenye vumbi na choo cha shimo wakati wenzangu wanapanda SGR kwenda Dar kupunga upepo. Sijawahi kukataa kwenda, ila mwaka juzi niliumwa na mwaka jana mtoto alikuwa na mitihani. Hata sisi tunaheshimu marehemu, Krismasi tulimjengea baba yangu kaburi la marumaru, ila sio kila mwaka majembe. Mama mkwe hanipendi. Mwaka jana wamerusha picha kwenye grupu la ukoo, mzazi mwenzie mume wangu yuko katikati kashika jembe. Nimwambie achague, mimi au makaburi? Mke nisiyethaminiwa."

Marahaba mwanangu, pole kwa kuumwa. Pole imeishia hapo, sasa tuongee.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili ndo nikacheka. Vumbi? Vumbi gani Pasaka? Mpwapwa mwezi wa tatu, wa nne, mvua ndo zinamalizikia, uwele umesimama shambani na majani yamefika kiunoni, ndo maana wanakwenda kufyeka. Vumbi la kule ni Agosti. Kwa hiyo we Pasaka ya wakwe zako huijui kabisa, umeisikia tu na kuitungia lawama. Na hiyo mitihani, mwanangu, shule gani inafanyisha mtoto mtihani kuanzia Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu ya Pasaka? Mimi mzee ila sio mzee kiasi hicho.

Halafu umeandika "tulimjengea baba". Hiyo "tuli" ni nani na nani? Manake nalijua jambo la Krismasi la watu wa kwenu, kuanzia tarehe 20 barabara ya Kondoa na Babati imejaa magari yanaelekea Moshi na Rombo, na kwenye gari mojawapo yupo Mgogo wako kashika usukani, na marumaru zile nina hakika hazikutoka kwenye pochi yako peke yako. Alisema Rombo mbali? Alisema baridi? Alikula mtori, akasimama pembeni ya kaburi la mkwewe mpaka fundi akamaliza. Sasa zamu yake ni safari fupi tu, unakata Mbande unaitafuta Kongwa, umefika, we unataka achague!

Usithubutu kumwambia achague. Atachagua makaburi, manake makaburi hayamnunii.

Tuje kwenye barua yenyewe, manake choo na SGR ni mapambo tu. Treni ya Dodoma tumeipata 2024, na we ugomvi wako ulianza kabla. Barua yako ni ule mstari wa picha. Umemuona yule mama na jembe, karibu na mama mkwe, mahali ulipotakiwa uwe wewe, ikakuchoma. Nakuelewa. Ila nani alimpa hiyo nafasi? Yule ana mtoto wa ukoo ule, anampeleka akamjue babu yake alikolala, na akifika kule hawezi kukaa kama mtalii, anachukua jembe kama wenzie. Asiyekuwepo na lake halipo, mama. Mkweo hajakufukuza, amefanya kazi na aliyekuja.

Nikwambie yangu. Mimi nimeolewa Mvumi. Mwaka wa kwanza tumekwenda makaburini nikatandika kanga chini ya mbuyu, nikanyoosha miguu, nikasema mimi wa mjini bwana. Hakuna aliyenisema. Mchana chakula kikaja, wenzangu wote wamezunguka sinia moja la ugali wa uwele na mlenda wanachekana, mimi nimeletewa kigoda na sahani yangu peke yangu, mguu wa kuku juu. Nikajiona malkia. Njiani kurudi ndo mume wangu akaniambia, kwetu kuku ni wa mgeni. Nililia mpaka Dodoma mjini. Mwaka uliofuata nilishika jembe kabla hawajaamka.

Na ndoa zenu hizi za siku hizi ndo zinanichosha, mtu anajua kupanga fotoshuti ya anivesari na keki ya kupandiana lakini muulize babu wa mumewe aliitwa nani, anakukodolea macho, watoto wanajua kila bwawa la kuogelea mjini ila ukoo wao wanaujulia kwenye WhatsApp, siku mzee akifa ndo wanafika na miwani myeusi wanauliza choo kiko wapi, halafu mnasema mama mkwe hanipendi, atakupendea wapi kama hajakuona?

Mumeo nae ana lake dogo, angekwambia mapema kuwa mzazi mwenzie atakuwepo, sio uone kwenye grupu. Hilo muulize mara moja, kwa upole, na usilirudie.

Pasaka hii nenda. Watoto wote wawe nao. Ukifika waamkie kwa Kigogo, "mbukwenyi", kwa sauti, wakucheke matamshi, ni dawa hiyo. Yule mama msalimie wa kwanza, halafu nenda kwa mkweo umuulize kaburi la mzee ni lipi uanze nalo, usisubiri kuelekezwa na mumeo. Kama bado unaitaka Dar, sikukuu zipo nyingi, Mei Mosi ile pale, panda treni yako na watoto mkaogelee.

Na ndala acha Ilazo, vaa raba. Mbigili za kule zinapita soli nzima, zinakukuta mguuni, na picha ya mwaka huu sitaki nikuone umekaa chini unachomoa miiba.