Mwambie mumeo asikuulize unajisikiaje

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Shikamoo dada. Mwezi ujao nakimbia kilomita 100 kwa mara ya kwanza. Mume wangu amesema atanisubiri kilomita ya 70, usiku. Nimwambie afanye nini?"

Marahaba mdogo wangu. Ujumbe wako nimeurudia mara tatu. Swali hilo mimi sikumuuliza mtu, na kutouliza kulinigharimu.

Mbio zangu za kwanza za kilomita 100 ziliishia kilomita ya 74. Tulianza saa nane mchana, kikomo kilikuwa saa 20, na nilifika kituo cha kula na kupumzika saa tisa usiku, ikiwa imebaki saa nzima kabla hakijafungwa. Sikuwa nimeteguka. Nilikuwa nimetapika mara mbili, natetemeka, basi. Mume wangu aliponiona uso ulimbadilika. Akanifunika blanketi, akanikumbatia, akasema, "Pole mama. Imetosha, twende nyumbani." Nikaivua namba ya kifuani kwa mikono yangu mwenyewe.

Kesho yake niliamka tumbo limetulia, mapaja yanauma kama yanavyomuuma kila mtu. Nikajua kwamba ningemaliza. Ile namba iko kwenye droo hadi leo, na kila nikifungua droo roho inaniuma. Simlaumu mume wangu. Alinionea huruma kwa sababu ananipenda. Ila huruma saa ile ndiyo kitu ambacho sikuweza kushindana nacho.

Elewa mwili unafanya nini saa hizo. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini hautoshi safari hiyo nzima, kwa hiyo unategemea sana unachokula njiani. Ukishaanza kichefuchefu huli, na usipokula akili inaingia giza kabla ya miguu. Ongeza usingizi, na kwamba kabla ya alfajiri joto la mwili huwa liko chini kuliko wakati mwingine wowote. Mtu aliye katika hali hiyo ukimuuliza "unajisikiaje, unataka kuendelea?" umeshamfungulia mlango wa kutokea. Atajibu kwa njaa na usingizi, halafu utadhani ni yeye aliyejibu.

Mwaka uliofuata tuliketi mezani wiki moja kabla, tukaandika kwenye karatasi. Maswali matatu tu: Umekula nini tangu kituo kilichopita? Umekojoa lini, na rangi gani? Wapi panachubuka? Chini yake tukaandika yatakayonisimamisha bila mjadala: mkojo wenye rangi ya kahawa, maana hapo misuli inavunjika na figo ziko hatarini, kuchanganyikiwa, au kichwa kuuma huku mikono imevimba, maana huenda nimekunywa maji mengi mno na sodiamu, yaani chumvi, imeshuka kwenye damu, na hilo huweza kuua; au maumivu ya kifua. Likitokea lolote kati ya hayo, ananitoa na kunipeleka kwa daktari hata nikilia. Nje ya hayo, neno "kuacha" lisitoke mdomoni mwake.

Nikafika kituo kilekile, saa zilezile, natetemeka vilevile. Mume wangu hakunitazama usoni. Alipiga magoti, akafungua kamba za viatu, akanivua soksi iliyogandamana na lengelenge la kisigino, akalifuta, akalibandika plasta, akapaka mafuta katikati ya vidole kimoja kimoja. Nikasema, "Siwezi." Akauliza, "Umekula nini?" Nikanyamaza. Akaniwekea mkononi kiazi cha kuchemsha kilichochovywa chumvi, nikang'ata kidogo, akasubiri. Kikombe cha chai yenye sukari nyingi kikafuata. Niliona mikono yake inatetemeka kuliko yangu. Dakika kumi na mbili zikapita. Akaniinua kwa makwapa, akawasha taa ya kichwa changu, akasema, "Watoto wameuliza utarudi saa ngapi. Nimewaambia asubuhi."

Kilomita 26 zilizobaki sina cha kusimulia. Nilitembea milima na kukimbia pale palipokubali. Nilimaliza kwa saa 19 na dakika 18. Medali ni yangu, na sioni haya kusema naringa nayo.

Wapo wanaodhani kusaidiwa kunapunguza ushindi. Courtney Dauwalter, mkimbiaji wa Marekani aliyeshinda Western States, Hardrock 100 na UTMB, mbio za milimani za kilomita 160 au zaidi kila moja, katika kiangazi kimoja cha 2023, husaidiwa vituoni na mumewe. Sembuse mimi na wewe? Acheni kujidai mashujaa wa peke yenu. Mtu akikesha gizani kwa ajili yako, mpe kazi, mpe na mamlaka, wala usimwachie akisie unachohitaji.

Kwa hiyo, mdogo wangu, andikeni karatasi yenu sasa, mkiwa mmeshiba na kulala. Mpe viatu vya akiba vilivyozidi nusu saizi, kwa sababu miguu itavimba. Na mumeo naye abebe koti, ale kabla hujafika. Ule usiku wa kwanza mume wangu hakuwa ametia kitu mdomoni tangu mchana, na mimi hilo nilikuja kulijua mwaka mzima baadaye, tulipokuwa tunaandika karatasi.