Kabla hujakata priamboli: ushauri kwa wanaoanza kazi ya vipande vya mtandao wa 5G

Picha ya vipande vya mtandao, yaani mtandao mmoja uliogawanywa kwa matumizi tofauti, inayofundishwa darasani ni nzuri: hospitali ina njia yake, mita za maji zina yake, watazamaji wa video wana yao, wala hawagusani. Picha hiyo ni sahihi baada ya kifaa kuingia. Kabla ya hapo wote wanagombea mlango mmoja, na mnara haujui nani ni nani. Kifaa hurusha priamboli, mlio mfupi usio na jina wala anwani. Kipande kinachotakiwa, kwa kitambulisho chake kiitwacho S-NSSAI, hutajwa kwenye ujumbe wa tano, muunganisho ukiwa umeshawekwa. Kwa hiyo kipande chenye ahadi kali kuliko vyote kinaweza kufia mlangoni kabla mnara haujajua kuwa kilibisha hodi. Wewe uliye mwanafunzi pale CoICT Kijitonyama au DIT, au umeajiriwa juzi kwenye timu ya redio, anza na hilo.

Hatua zenyewe ni nne. Kifaa huchagua priamboli moja kwa bahati nasibu na kuirusha. Mnara hujibu kwa kutaja namba ya priamboli uliyoisikia na kutoa nafasi ya kurusha. Kifaa hutumia nafasi hiyo kuomba muunganisho. Mnara humaliza kwa kutaja ni nani hasa aliyeshinda. Toleo la 16 la 3GPP, chombo kinachoandika viwango vya mitandao ya simu, liliongeza njia ya hatua mbili, lakini usiikimbilie kabla hujaielewa hii. Vifaa viwili vikichagua priamboli ileile, mara nyingi mnara huona kilele kimoja tu na hujibu kama kawaida; mgongano hujitokeza hatua ya tatu, pale vyote viwili vinaporusha juu ya nafasi moja. Wageni wengi huutafuta hatua ya kwanza na hawauoni.

Kila fursa, yaani kila kipindi kifupi ambacho vifaa huruhusiwa kubisha, ina priamboli 64. Chache hutengwa kwa vifaa vinavyohamishwa kutoka seli nyingine, na mfano unaotumika sana huacha 54 za kugombea. Uwezekano wa kifaa chako kugongana ni 1 − (1 − 1/N)^(M−1), ambapo N ni idadi ya priamboli na M ni idadi ya vifaa vilivyobisha fursa hiyohiyo. Vifaa 10 kwenye 54 hukupa asilimia 15 na nusu. Vifaa 30, asilimia 42. Wanaofanikiwa kwa fursa moja hawazidi takriban N/e, yaani vifaa 20, na kilele hicho hufikiwa wabishaji wakikaribia N, yaani 54. Ukipita hapo, kila anayeongezeka anapunguza wanaoingia.

Sasa chukua hali tunayoijua Dar. Umeme unakatika Mbagala, betri za mnara zinaisha, kisha umeme unarudi: kila kilichopoteza seli kinataka kuingia kwa pamoja, simu za watu, mashine za malipo madukani, vifaa vya kufuatilia bodaboda. 3GPP wana mfano wa mafuriko ya aina hiyo: vifaa 30,000 ndani ya sekunde 10, vikifuata mgawanyo wa Beta wenye vigezo 3 na 4, fursa moja kila milisekunde 5. Ukipiga hesabu, kileleni wanafika wapya kama 6,200 kwa sekunde, yaani 31 kwa kila fursa. Kati yao kama 18 tu hupata priamboli ya peke yao. Waliobaki wanarudi na kuwakuta wapya, na fursa inayofuata inakuwa mbaya zaidi. Tena mfano huo una nafasi 15 tu za kujibu kwa kila fursa. Ndiyo maana kuongeza fursa za kubisha bila kuongeza uwezo wa kujibu ni kupanua geti la kivuko cha Magogoni huku pantoni ni ileile.

Hapo mgeni husema: basi tukate priamboli, kila kipande kipewe zake. Toleo la 17 linaruhusu. Vipande hupangwa kwenye makundi yaitwayo NSAG, na kila kundi linaweza kupewa priamboli au fursa zake. Namba ya kundi ndiyo hutangazwa badala ya S-NSSAI, kwa sababu tangazo la seli husomwa na yeyote na nafasi yake ni finyu. Lakini piga hesabu kwanza. Tenga priamboli 8 kwa kipande cha dharura. Siku ya utulivu, vifaa viwili vya dharura vikibisha pamoja, uwezekano wa kugongana ni asilimia 12.5, kwenye bwawa la pamoja la 54 ungekuwa chini ya 2. Siku ya mafuriko, wakiwepo wengine 30, bwawa la pamoja lingekupa asilimia 44, na hizo 8 zako zinabaki 12.5. Kukata kunakulinda na jirani mwenye fujo, na kunakugharimu kila siku ambayo jirani ametulia. Wale 30 nao, wakibaki na priamboli 46, wanapanda kutoka asilimia 42 hadi 47. Na simu za kabla ya Toleo la 17 hazijui NSAG. Zote zinabaki kwenye fungu la kawaida ulilolipunguza.

Kwa maoni yetu, kukata ni silaha ya mwisho. Anza na muda wa kusubiri, ambao mnara huutuma ndani ya jibu lenyewe, kwa hiyo unafanya kazi papo hapo. Ngazi zake huanzia milisekunde 5 hadi 1,920, na kifaa huchagua kwa bahati nasibu kati ya sifuri na hapo. Kosa la kawaida ni kuacha ngazi ya chini siku ya mafuriko. Walioshindwa wanarudi wote pamoja. Weka 960, kisha kipe kipande cha dharura scalingFactorBI, kigezo cha kuzidishia muda huo, ya 0.25, nacho kitasubiri hadi 240 tu. Kuna pia hatua kubwa zaidi ya kupandisha nguvu kwa wenye kipaumbele. Itumie kwa wachache. Ukiwapa wengi, wote wanapaza sauti na mnara hausikii vizuri zaidi.

Chombo cha pili ni uzuiaji kabla ya kubisha. Kila ombi la kuingia huwekwa kwenye kundi lenye namba (si yale ya NSAG); makundi 32 hadi 63 huamuliwa na kampuni yenye mtandao na yanaweza kufungwa kwenye kipande. Ukiweka kipimo cha 0.5 na muda wa sekunde 16, nusu ya vifaa hupita. Vilivyobaki husubiri kati ya sekunde 11.2 na 20.8. Kinafaa sana kwa mita na vifaa vya kufuatilia, ila mabadiliko yake hupita kwenye tangazo la seli, kwa hiyo huchelewa kufika. Wala usikitegemee kuwazuia wanaoitikia mwito wa mtandao: hao ni kundi 0, halizuiwi.

Seli za pwani zinahitaji uangalifu wa peke yake. Priamboli ndefu ina sampuli 839, na nafasi kati ya priamboli moja na nyingine huamua umbali. Nafasi ya 59 hutosha kama kilomita 7, kwa mifuatano mizazi 5, yaani ile ya msingi ambayo priamboli zote hutokana nayo. Ya 119 hufika karibu 16, lakini inataka mizazi 10. Boti ya Unguja ikiwa kilomita 12 baharini, na mnara umepangiwa 59, mlio wake uliochelewa husomwa kama priamboli ya jirani. Kama umekata mafungu, jirani huyo anaweza kuwa wa fungu jingine, nawe utaona kipande cha dharura kikibishwa na vifaa visivyokuwepo. Kabla ya kulaumu mgao wa priamboli, hakikisha pia seli ya jirani haitumii mizazi ileile.

Kwenye takwimu soma uwiano, usisome idadi pekee. Priamboli nyingi, majibu machache: mnara umeishiwa nafasi za kujibu. Majibu mengi, ujumbe wa tatu mchache: shuku mgongano, priamboli hewa (mnara kusikia mlio ambao haukurushwa), au simu za pembezoni zisizo na nguvu. Pima kwa kila fungu, katika vipindi vifupi iwezekanavyo; wastani wa dakika 15 humeza mafuriko ya sekunde 10.

Ukijifunza mwenyewe, ujue UERANSIM, programu ya kuigiza simu na mnara wa 5G, haina tabaka la redio, hivyo haitakuonyesha mgongano hata mmoja. OpenAirInterface na srsRAN zinalo. Zifanyie kazi kwa waya na atenueta (kipunguza nguvu ya mawimbi), usirushe hewani bila kibali cha TCRA. Kwa mafuriko andika programu fupi ya Python: priamboli 54, fursa kila milisekunde 5, majaribio 10, kusubiri milisekunde 20. Anza na kipande kimoja, vifaa 10 kwa kila fursa, bila marudio. Usipopata mgongano wa asilimia 15 na nusu hivi, tafuta kosa kabla hujaongeza kipande cha pili.