Batri mpya lakini asubuhi imekufa

SWALI: Jambo yaya fundi. Miye niko mulimaji huku njia ya Kasenga, niko na trakta ndogo ya dizeli. Mbele ya mvua ianze ile chuma inashikaka alternatere (ile mashini inachajika batri) ilipasuka, nikapeleka wakaisude (wakaichomelea) na wakaipaka rangi muzuri kabisa. Tangu pale batri haikai, ninalima muchana yote, nikizima mangaribi, asubuhi demarere, ile inazungushaka motere iwake, inafanya tu tiki tiki tiki. Muuzaji akasema batri imechoka, nikanunua ingine, na yenyewe ikakuwa namna ileile. Sasa tunasukuma na watoto. Ninunue alternatere mpya?
Mulimaji, Lubumbashi

JIBU: Mdogo wangu, franga ziache kwanza mfukoni. Barua yako yenyewe imeshataja washukiwa wawili, kusude na rangi, na batri uliyoitupa labda haikuwa na kosa.

Dizeli ya zamani inayozimwa kwa kuvuta waya ikishawaka haiombi tena umeme, ndiyo maana unalima siku nzima bila kujua kama batri haipati kitu. Tafuta multimetre, kile kipimo cha volti, hata ile ya bei ndogo. Chajisha batri kwanza kwa chaja, sababu batri iliyokufa inadanganya vipimo. Ikishapumzika bila kazi inapaswa kuonyesha volti 12.6 hivi, 12.2 ni nusu. Washa motere, ongeza mwendo kidogo, pima tena palepale: kati ya 13.8 na 14.5 inachaji, ikibaki 12 na kitu na inazidi kushuka, haichaji.

Sasa ile rangi. Alternatere nyingi hazina waya wa masi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye batri upande wa kutoa, masi yake inapita kwenye mwili wake, ule mwili unagusa chuma, chuma inagusa motere. Fundi wako amepaka kila mahali mpaka chini ya bulo (bolti), na rangi haipitishi umeme. Motere ikizunguka na taa zote zinawaka, ncha moja ya multimetre iweke kwenye mwili wa alternatere mahali pasipo rangi, ingine kwenye nguzo ya risasi ya batri upande wa kutoa, siyo kwenye kishikio cha waya. Ikizidi volti 0.2 rangi ndiyo mwizi wako. Fungua bulo, kwangua na kisu au papie ya kusugulia mpaka chuma ing'ae pale zinapogusana, kaza tena. Upande wa kujumlisha fanya vilevile, toka kwenye bulo kubwa ya alternatere mpaka nguzo ya batri, hapo ikipita nusu volti angalia fizibo (fyuzi), vichwa vya waya na ule unga wa kijani.

Angalia na mkanda pia, chuma ikisudiwa inaweza kukaa upande na mkanda ukaenda mshazari ukateleza.

Kama masi ni nzuri na waya ni nzuri ila bulo kubwa ya alternatere yenyewe inatoa 12 tu, geuza funguo bila kuwasha motere uone kama taa ya batri inawaka. Isipowaka badilisha kwanza hiyo balbu, sababu kwa alternatere nyingi umeme wa kuiamsha unapita pale. Ikiwaka vizuri na bado haichaji, huenda kusude imeua diode, kile kipande ndani ya alternatere kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Walisude batri ikiwa imefungwa, siyo? Diode iliyotoboka inakunywa batri usiku kucha, gusa alternatere asubuhi mbele ya kuwasha, ikiwa na joto jibu umepata. Na hata hapo diode inabadilishwa, siyo lazima ununue nzima. Siku ingine ukisude, toa waya za batri zote mbili, chomoa na za alternatere, kisha masi ya poste (mashini) ya kusude uifunge karibu kabisa na pale panaposudiwa.

Kuna mafundi wanapenda kutoa waya ya batri motere ikizunguka, eti ikizima alternatere imekufa. Huyo usimwache aguse trakta yako, volti zinaruka juu mara moja na diode iliyokuwa nzima inakufa mbele ya macho yako. Tena dizeli yako haitazima hata alternatere ikiwa imekufa kweli, kwa hiyo hatajua kitu.

SWALI: Yaya, maji ya batri inapunguka, naweza kutia ya robine (ya bomba)?
Mama wa shamba, Kipushi

JIBU: Hapana mama, ya robine ina chumvi na madini vinavyoharibu sahani za ndani. Tia maji ya batri yale safi, siyo asidi, yafunike sahani tu, na sigara ikae mbali, batri inapochaji inatoa gesi inayolipuka. Lakini kama unaongeza kila wiki shida si maji, pima motere ikizunguka, ukikuta volti 15 na zaidi regilatere, ile inayozuia volti zisipande sana, huenda imekufa, inaichemsha batri.