CV ya kuazima

Wadogo zangu mnaomaliza chuo mwaka huu, CV yangu ya kwanza haikuwa yangu. Ilikuwa kwenye flashi ya rafiki niliyesoma naye sekondari. Nikaenda nayo steshenari, nikamwambia dada wa kompyuta abadilishe jina, namba ya simu na chuo, achape nakala tano. Kwenye usaili, mzee mmoja wa jopo akavua miwani, akaniuliza kwa upole kabisa nilijifunzia wapi kuendesha trekta. Mimi nimesoma uhasibu. Mwenzangu alikuwa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, na mstari wake wa trekta ulibaki ukurasa wa pili.

Miaka ilipita, nikajikuta upande wa pili wa meza, nikimsaidia ofisa utumishi kuchambua maombi. Nafasi moja ya msaidizi wa mhasibu, makaratasi yamejaa meza hadi sakafuni. Hapo ndipo nilipojua CV inasomwaje. Haisomwi, inapitiwa jicho. Mtu ana tangazo pembeni, anatafuta mambo matatu au manne yaliyotajwa humo, na asipoyaona ukurasa wa kwanza anaweka karatasi kulia, rundo la walioachwa. Sasa wewe ukurasa huo wote umeujaza dini, hali ya ndoa, kijiji ulichozaliwa, halafu aya nzima kwamba ni mchapakazi, mwenye kujituma, unayeweza kufanya kazi na watu wa kila aina. Siku ile kila mtu alikuwa mchapakazi. Tulifika mahali tukawa tunacheka.

Sehemu inayowaponza wengi ni ile ya field, yaani mafunzo kwa vitendo. Binti mmoja, mtoto wa jirani yangu, aliniletea CV yake niiangalie. Ameandika: "Field, halmashauri, miezi miwili. Kufanya kazi za uhasibu na nyingine nilizopangiwa na mkuu wa idara." Nikamuuliza, mama, asubuhi ukifika ulikuwa unashika nini? Akasema, "Aa, mimi nilikuwa napanga vocha tu." Vocha za nini? Za elimu msingi na afya, zilichanganyika, na wakaguzi walikuwa njiani. Ulijuaje vocha hii imekamilika na hii bado? Akaanza kunieleza: anaangalia sahihi za walioidhinisha, stakabadhi iliyoambatishwa, kama kasma, yaani fungu la bajeti, iliyoandikwa ndiyo yenyewe, yenye upungufu anaitoa pembeni na kuirudisha idarani. Nikamwambia kaa chini uandike hivyo hivyo. Ikawa: "Nilitenganisha na kuhakiki vocha za malipo za idara mbili kabla ya ukaguzi, nilikagua sahihi, viambatisho na kasma, na kurudisha idarani zenye upungufu." Hakuna alichoongeza cha uongo. Alikuwa ameificha kazi yake mwenyewe ndani ya neno "tu".

Fanya hivyo kwa kila ulichowahi kushika. Kuna kijana aliyekaa kwenye kibanda cha uwakala wa pesa za simu miaka miwili, anafunga hesabu kila jioni, floti iliyo kwenye simu ukijumlisha na pesa taslimu vilingane na mtaji, siku ikipungua analipa yeye. Kwenye CV kaandika hana uzoefu. Huyo ana uzoefu kuliko mimi nilivyokuwa natoka chuo! Kama umesimamia duka la shangazi, umekuwa mweka hazina wa darasa, umeandikisha watu kwenye kampeni ya chanjo, iandike, useme ulikuwa unafanya nini hasa.

Lugha sina maneno mengi. Kampuni binafsi nyingi zinataka Kiingereza, basi andika Kiingereza unachoweza kukitetea kwa mdomo, maana usaili utakuwa kwa Kiingereza hicho hicho.

Za serikali zina utaratibu wake, na wengi wanaangukia hapo hata kabla sifa zao hazijatazamwa. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutaka CV inayojitosheleza, yenye anwani na namba za simu zinazopatikana, na wadhamini watatu. Vyeti wanataka vyenyewe. Ukiambatisha hati ya matokeo badala ya cheti cha kidato cha nne, hawapokei. Na jina liwe moja kote. Cheti cha kuzaliwa kinasema Zuhura, cha shule Zuhra, kitambulisho cha NIDA kimeongeza jina la babu: nenda kwa wakili ukaulizie kiapo cha kuthibitisha majina yote ni yako sasa hivi, tangazo halijatoka. Likishatoka, siku zinakwenda mbio, na Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kutumia maombi hayo, siku ya mwisho wote mnakuwa mmeingia humo.

Kuhusu wadhamini, waombe kwanza. Niliwahi kumpigia mhadhiri aliyetajwa kwenye CV nzuri kweli, karibu tumpitishe. Akauliza, "Nani huyo? Wa mwaka gani?" Nikamtajia jina mara mbili. Akasema ana wanafunzi wengi, nimpigie baadaye. Sikumlaumu. Ila wa pili kwenye orodha yetu, mdhamini wake alikuwa msimamizi wa ghala alilofanyia field, akapokea simu akiwa anajua inahusu nini, akatueleza hadi jinsi kijana alivyogundua magunia yasiyolingana na leja. Tulimwita huyo.

Na laini ya simu uliyoiandika isiondoke kwako. Kuna mmoja tulimpigia siku mbili mfululizo, kila mara tunaambiwa namba ya mteja haipatikani kwa sasa. Siku ya tatu alipokea mdogo wake, akasema kaka ameshabadilisha laini, yeye mwenyewe hiyo mpya hajaisevu.