Kabla ya kumwita msumbufu, mtazameni kama ana arosto

Dada uliyeuliza kwa nini kaka yako, aliyelazwa kwa jipu la paja, anataka kutoroka wodini siku ya pili tu, na kama ni kweli anajifanya anaumwa ili apewe dawa kali: mimi nimeuguza wodi ya wanaume hapa Malindi kwa miaka mingi, na naona huenda ana arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea unga (heroini) unapoukosa, ambayo hakuna aliyeitibu, na juu ya arosto ana maumivu ya kweli.

Arosto ya unga huanza muda wa saa 8 hadi 24 tangu mtu alipotumia mara ya mwisho. Makamasi na machozi humtoka, hupiga miayo mfululizo, vinyweleo humsimama, tumbo humkata, huharisha na kutapika, na mboni za macho hupanuka. Hukolea siku ya pili na ya tatu. Ndiyo maana mgonjwa aliyeingia asubuhi akiwa mtulivu hugeuka usiku, wakati wauguzi ni wachache na subira imepungua. Katika hospitali niliyofanya kazi zamani tulimlaza kijana mvuvi mwenye jipu la kinena kwa sababu ya kujidunga. Tulimpa parasetamoli, alipoomba zaidi, aliambiwa kwamba mateja (watumiaji wa unga) wote husema hivyo. Alfajiri kitanda kilikuwa kitupu, naye ameondoka na kanula, mrija wa kupitishia dawa mshipani, mkononi. Aliporudi siku tisa baadaye, maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu, na hatukuweza kumwokoa. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa kuwa alitoroka arosto, hakukimbia matibabu.

Tangu hapo huuliza mapema, faraghani na bila kukemea: ulitumia mara ya mwisho lini, kiasi gani, unavuta au unajidunga, na je, umeandikishwa kwenye kliniki ya methadoni, dawa inayonywewa kila siku badala ya unga? Huduma hiyo ipo Malindi tangu mwaka 2015. Ikiwa kaka yako ameandikishwa, wodi ipige simu kliniki ithibitishe dozi yake na siku aliyoinywa mwisho, kwa sababu aliyekosa siku kadhaa mwili wake umepunguza ustahimilivu, na kurudishiwa dozi kamili kunaweza kumuua. Ikiwa hajaandikishwa, daktari anaweza kumwanzishia, kwa kawaida miligramu 20 hadi 30 siku ya kwanza, kisha aongeze polepole, maana methadoni hujilimbikiza mwilini na hatari yake huweza kujitokeza siku ya tatu au ya nne, wakati kila mtu ameshatulia.

Hapa ndipo wengi hukosea: methadoni ya kila siku humwondolea arosto, lakini haimtulizi maumivu ya kidonda kilichopasuliwa. Anahitaji dawa ya maumivu juu yake, na mara nyingi kwa kiasi kikubwa kuliko mgonjwa wa kitanda cha jirani, kwa kuwa mwili wake umeshazoea.

Kama pia ana kifua kikuu, hakikisheni daktari analijua hilo. Rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hulifanya ini liivunje methadoni upesi, na mtu aliyekuwa sawa huingia katika arosto ndani ya siku chache bila kukosa dozi hata moja.

Akilala usingizi mzito usio wa kawaida, mboni zikawa ndogo kama ncha ya sindano na pumzi zikapungua, muiteni muuguzi papo hapo. Naloksoni, dawa inayozima nguvu ya unga na methadoni, humwamsha, lakini nguvu yake hudumu dakika 30 hadi 90 tu, ilhali methadoni hukaa zaidi ya siku nzima. Asiachwe peke yake kwa sababu tu amefumbua macho.

Kesho ukienda, mwombe daktari mzungumze kando, umweleze saa ya mwisho kaka yako kutumia kama unaijua, na umwulize mapema nani atampokea kliniki siku atakayoruhusiwa. Akitoka baada ya wiki mbili bila dawa na akarudia kipimo chake cha zamani, kipimo kilekile kinaweza kumkata pumzi.