Vitanzi chini ya mshono kwenye cherehani ya ngozi: nati ya tensheni iguswe mwisho

Ndugu yetu wa Moshi ameuliza kuhusu cherehani yake ya ngozi, ile ambayo mguu wake hutembea pamoja na sindano, aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Anashona mikanda ya tabaka mbili kwa uzi mnene wa nailoni. Juu mshono unapendeza, lakini akigeuza mkanda anakuta uzi wa juu umejikunja vitanzi, na uzi wa bobini, yaani uzi wa chini, umelala umenyooka chini yake. Amekaza nati ya tensheni, ile inayobana visahani viwili vinavyoushika uzi wa juu, hadi uzi ukaanza kukatika, na vitanzi vingali palepale. Waliotangulia kumjibu wamemshauri abadilishe tensheni nzima, na mmoja amemwambia aiuze cherehani hiyo. Mimi nashona mikanda, mikoba na sandali hapa Arusha, upande wa Unga Limited, na kwa maelezo haya aliyoyatoa mwenyewe naamini tensheni yake ni nzima.

Nianze na sababu, kwa kuwa asiyeijua ataendelea kuzungusha skrubu bila mwelekeo. Sindano inaposhuka hadi mwisho na kuanza kupanda, uzi hutokeza kando ya tundu lake na kufanya kitanzi kidogo. Ncha ya kulabu inayozunguka chini hudaka kitanzi hicho, hukipanua na kukizungusha kulizunguka kasha la bobini, kisha mkono wa juu unaopanda na kushuka hukivuta chote kirudi. Kitanzi kisiporudishwa chote, kinabaki chini ya ngozi. Kwa hiyo vitanzi vya chini ni shida ya uzi wa juu, hata kama macho yanakuelekeza kwenye bobini. Uzi wa juu hauvutwi vya kutosha kwa mojawapo ya sababu mbili: ama visahani vya tensheni haviushiki, ama vinaushika lakini kuna kitu kinauzuia kurudi juu. Ndugu yetu anasema uzi unakatika anapokaza. Visahani visivyoshika haviwezi kukata uzi. Basi walau anaposhona kawaida visahani vyake vinashika, na kizuizi kiko kwingine.

Kabla ya kutafuta kizuizi, fanya jaribio moja litakalokuonyesha hali halisi. Weka uzi mweusi juu na mweupe kwenye bobini, wa unene uleule na wa aina ileile, kisha shona kipande cha ngozi ileile unayoifanyia kazi, kwa unene uleule. Usijaribie kitambaa, kwa maana kitambaa hulegea na kuficha makosa ambayo ngozi haitayaficha. Halafu chukua wembe mpya, kata kipande hicho kufuata mstari wa mshono, ukipita kandokando ya matundu, na ufungue uangalie ndani. Utaona mahali weusi na weupe vinapokutana, yaani fundo la mshono. Vikikutana katikati ya unene, uwiano ni mzuri. Vikikutana karibu na uso wa chini, fundo linahitaji kuvutwa juu, na kinyume chake. Kipande hicho kilichokatwa kinasema zaidi ya kutazama mshono kwa nje, kwa kuwa upande wa chini wa ngozi daima una uvimbe mdogo pale sindano inapotokea, na wengi huuona uvimbe huo wakadhani ni tensheni.

Uangalie pia umbo la vitanzi. Vikiwa vikubwa, vilegevu, na uzi unajikusanya rundo chini ya ngozi, basi uzi haumo kabisa katikati ya visahani, au visahani viko wazi. Hilo hutokea mara nyingi kwa sababu mtu ameutunga uzi mguu ukiwa chini. Mguu ukiwa juu visahani huachana na uzi hupenya hadi ndani. Mguu ukiwa chini visahani vimebanana na uzi huishia pembeni, ukionekana kama umepita kumbe umekaa mlangoni. Rundo likitokea mwanzo wa mshono tu, shika ncha zote mbili za uzi kwa mishono michache ya kwanza, nalo litakoma. Lakini vitanzi vikiwa vidogo, vimepangana sawasawa kama nukta, kila tundu na nukta yake, hapo tensheni inavuta na fundo linakataa kuingia kwenye tundu. Kwa maelezo ya swali, nadhani hii ndiyo hali ya mikanda yako.

Fundo hukataa kuingia kwa sababu tundu ni dogo. Hapa naomba tukae kidogo, kwani ndipo mafundi wengi wa mji wetu wanapopoteza ngozi na muda. Sindano ya cherehani hizi hupimwa kwa sehemu za mia za milimita: sindano ya 110, ambayo kwa mfumo mwingine wa namba huandikwa 18, ina unene wa milimita 1.1, ya 140 huandikwa 22, ya 160 huandikwa 23. Uzi nao hupimwa kwa Tex, namba ikiwa kubwa uzi ni mnene zaidi: wa Tex 70 unaenda vizuri na sindano ya 110. Uzi wa Tex 135, ambao ndio wengi wetu tunaushonea mikanda na ambao kwenye koni nyingine huandikwa 138 au 20 kutegemea mtindo wa kiwanda, unataka sindano ya 140, na kwa ngozi ngumu ya mkanda mimi huweka 160. Kumbuka kwamba ndani ya tundu moja panapita nyuzi mbili zilizopishana. Sindano ikiwa nyembamba, uzi wa juu hukwaruzwa kila unapopita, fundo hubaki nje, na kadiri unavyokaza ndivyo uzi unavyochakaa hadi ukatike. Ukibadilisha sindano peke yake, ukarudisha tensheni pale ilipokuwa mwanzo, mara nyingi fundo huingia lenyewe.

Aina ya sindano nayo ina neno lake. Cherehani nyingi za mguu unaotembea hutumia mfumo wa 135x16 kwa ngozi na 135x17 kwa kitambaa kizito. Zina urefu mmoja na zote mbili zitaingia kwenye cherehani yako; tofauti ni kwamba ya kwanza ina ncha inayokata na ya pili ina ncha ya mviringo inayosukuma. Ncha ya mviringo ikipita kwenye ngozi ngumu, ngozi hufumba nyuma yake na kuukaba uzi. Soma maandishi ya pakiti kabla ya kulipa, kwa sababu madukani utauziwa ya kitambaa ukiambiwa ni ileile. Hakikisha pia sindano imepanda hadi mwisho wa tundu lake, na mfereji mrefu umeelekea upande ambao uzi unaingilia.

Baada ya sindano, fuata njia ya uzi kuanzia kwenye koni, na uifuate kwa vidole. Tensheni si nati ile tu. Kila mahali uzi unapogusa panaongeza mvuto, na nati inakuja kujazia kilichobaki. Koni isimame wima, na kijitundu cha stendi kiwe juu yake moja kwa moja. Nimeona karakana nyingi ambamo koni imelazwa mezani au ndani ya ndoo, na uzi unavutwa kwa ubavu, kwa hiyo unaingia kwenye cherehani ukiwa umeongezewa msokoto. Nailoni nene ina ukaidi: huruka kwenye koni, hushuka chini ya kitako chake na kujizungushia hapo, ndipo mshono mmoja unakaza ghafla katikati ya mstari uliokuwa mzuri. Ivishe koni soksi nyepesi au wavu wa vitunguu, na kwenye kile kijiti chenye matundu matatu juu ya kichwa cha cherehani upitishe uzi matundu yote, kwa kusuka, ili utulie kabla ya kufika kwenye visahani.

Visahani vyenyewe visafishwe. Vumbi la Arusha wakati wa kiangazi huingia kila mahali, nalo likichanganyika na mabaki ya gundi inayoachwa na uzi huganda katikati ya visahani na kuviachanisha kidogo sana, unene usioonekana kwa macho. Inua mguu, chukua ukanda mwembamba wa shati kuukuu la pamba, upitishe katikati ya visahani na uuvute huku na huku hadi utoke msafi. Usiweke mafuta hapo. Kama unashona ngozi iliyopakwa gundi ya viatu, iache ikauke vizuri, kwa sababu gundi mbichi hupaka sindano, na sindano yenye gundi huburuta uzi kwa namna ambayo hakuna nati itakayorekebisha.

Sasa ndipo tufike kwenye bobini. Uzi wa chini ndio msingi, na huo huwekwa kwanza, kisha wa juu hulinganishwa nao. Ijaze bobini kwa uzi ulionyooka na kubana sawasawa. Iliyojazwa ovyo hutoa uzi kwa kushtuka. Wale wenye cherehani za kasha linalotoka hulining'iniza kwa uzi wake kuona kama linashuka, lakini kwa nyingi za cherehani hizi kubwa kasha halitoki, kwa hiyo utapima kwa mkono: vuta uzi taratibu na usikie mvuto mwepesi, ulio sawa toka mwanzo hadi mwisho, bila kugota. Ukigota, toa uzi, chukua kona ya kadi nyembamba na upitishe chini ya springi bapa ya kasha. Mara nyingi utatoa kipande cha uzi au unga wa ngozi. Ukihitaji kugusa skrubu ya springi hiyo, izungushe robo ya robo ya mzunguko kisha ujaribu. Ni skrubu ndogo sana, na ikiangukia sakafuni kwenye karakana ya ngozi umeipoteza. Kwa uzi mnene, kosa la kawaida ni kukaza chini kupita kiasi, kwa sababu kasha liliwekwa kwa uzi mwembamba wa mwenye mali wa kwanza. Uzi mnene ukipita kwenye springi ileile hubanwa zaidi, hulivuta fundo chini, nawe unaanza kushindana nao kwa juu. Legeza chini kwanza. Huenda usihitaji kukaza juu hata kidogo.

Lipo jambo moja ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Kuinua mguu hufungua visahani, na hilo hufanywa na kipini kidogo kinachosukumwa kutoka nyuma. Unaposhona mahali pa unene mkubwa, kama pale mkanda unapokunjwa kushika bizimu, mguu huwa umeinuliwa na ngozi yenyewe, na kwenye cherehani ambayo kipini hicho hakikurekebishwa vizuri, visahani huanza kuachana ungali unashona. Dalili yake ni kwamba mshono ni mzuri sehemu yote nyembamba na unalegea kwenye unene tu. Weka ngozi nene chini ya mguu, shusha mguu juu yake, kisha uvute uzi kwa mkono karibu na sindano. Ukija bila ukinzani, dawa ni kurekebisha kipini. Kukaza nati kutaharibu sehemu nyembamba bila kuponya sehemu nene.

Kama yote hayo yako sawa na vitanzi vimebaki, zima mota, fungua sahani ya kutelezesha iliyo karibu na sindano, na uzungushe gurudumu kwa mkono polepole ukitazama uzi ukilizunguka kasha la bobini. Uangalie unapomaliza kulizunguka na kuanza kuvutwa juu. Unapaswa kuteleza na kutoka bila kusita. Kwenye cherehani za aina hii kuna kijimkono kinacholisogeza kasha nyuma kidogo kwa wakati huo, ili uzi upate mwanya wa kupita. Kikikaa vibaya, uzi hunasa, kisha huchomoka ghafla kwa mlio mdogo wa "tak", na kila mshono unakuwa na mlio huo. Uzi wa Tex 70 unaweza kupita kwenye mwanya ambao wa Tex 135 hautapita, kwa hiyo huenda aliyekuuzia alikuonyesha inashona vizuri kwa uzi mwembamba. Pitisha pia ukucha kwenye ncha ya kulabu na kwenye ukingo wa tundu la sahani ya sindano. Ukucha ukikwaruzika, kuna mkwaruzo uliotokana na sindano iliyovunjika zamani. Usugue kwa msasa laini kabisa, wa 1000 au zaidi, bila kuibadili ncha umbo.

Kasi ya mota nitaigusa kwa kifupi. Zile mota za zamani za klachi hukimbia mno kwa kazi ya ngozi, na sindano ikipata moto nailoni huanza kuyeyuka ndani ya tundu. Ukiona ncha ya uzi uliokatika imefanya kishanga kigumu, hiyo si tensheni, ni joto. Punguza kasi kwa kuweka puli ndogo kwenye mota.

Kuhusu ushauri wa kubadilisha tensheni nzima, ningesubiri. Kipuri cha kuagiza kina gharama, na kipya kitawekwa kwenye njia ileile ya uzi yenye kizuizi kilekile. Hapo Moshi mafundi wa viatu ni wengi, wakiwemo waliopitia kiwanda cha viatu cha Karanga. Ukimpata mmoja, mwombe akusaidie kwenye kile kijimkono cha kasha na kipini cha visahani, kwa kuwa hayo mawili yanataka mkono uliozoea. Mengine yote utayafanya mwenyewe kwa bisibisi na wembe.

Ukishajaribu, weka hapa picha ya upande wa juu, ya upande wa chini, na ya kile kipande kilichokatwa kwa wembe, pamoja na namba iliyo kwenye pakiti ya sindano na ile ya kwenye koni ya uzi. Utaje pia unene wa mkanda kwa milimita, kwa sababu kama jumla ya tabaka zako haifiki milimita 2.5, uzi wa Tex 135 hauna mahali pa kuficha fundo lake, na hapo nitakushauri ushuke hadi Tex 90 na sindano ya 120 au 125.