Mpishi wa Msimu Mmoja Aje kwa Hati Gani?

SWALI: Assalaam alaykum, Mshauri. Nina mkahawa mdogo hapa Malindi, na wateja wangu wengi wa msimu wa kaskazi ni Waitalia. Nimekubaliana na mpishi wa Napoli aje tangu Desemba hadi mwisho wa Februari, awafundishe vijana wangu wawili kukanda unga wa piza na kutengeneza tambi kwa mkono, na jioni apike mwenyewe. Rafiki yangu ananiambia aingie kama mtalii, kwa kuwa siku zake hazizidi 90, nami nimpe malazi na chakula badala ya mshahara. Je, inafaa?
Mwenye mkahawa, Malindi

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Haifai, na nakusihi usiufuate ushauri huo hata kama umetolewa kwa nia njema. Tangu Januari 2024 Kenya imeacha utaratibu wa viza, na mgeni huomba idhini ya kusafiri ya kielektroniki kabla ya kupanda ndege. Idhini hiyo humwezesha kuja kutembea, kuogelea Watamu, kuzuru magofu ya Gede, hata kuhudhuria mikutano ya biashara, lakini haimruhusu kushika kazi. Zile siku 90 ni kipimo cha kukaa kwake kama mgeni. Hazikuwekwa ili mtu afanye kazi mradi tu asizipite. Wala suala la mshahara halibadilishi neno, kwa sababu anayeingia kwa matembezi hakatazwi kazi ya malipo pekee, bali hata ile isiyolipwa. Afisa wa uhamiaji atakayeingia jikoni kwako saa mbili usiku, akamkuta mgeni wako amefunga aproni mbele ya tanuri na wateja wamejaa ukumbini, hatahitaji kuuliza analipwa nini.

Hati inayokufaa ni pasi maalumu, iliyomo katika utaratibu wa Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011. Hutolewa kwa mgeni anayekuja kufanya kazi, biashara au taaluma yake kwa muda mfupi usiozidi miezi 6, na miezi yako mitatu imo ndani yake bila shida. Kibali cha kazi cha daraja la D ni kwa mwajiriwa wa muda mrefu, na mwajiri hutakiwa aonyeshe kwamba ujuzi huo ameukosa kwa Wakenya na amtaje Mkenya atakayeurithi. Ukija kutaka mpishi huyu akae mwaka mzima, huko ndiko utakakoelekea. Na akitokea mtu wa kukushauri umwandike mpishi kuwa mshirika wako wa biashara ili apate daraja la G, mkatalie, kwani daraja hilo ni la mwekezaji mwenye mtaji usiopungua dola 100,000 za Marekani, na kuandika uongo katika maombi ni kosa jingine juu ya la kwanza.

Maombi hupelekwa katika tovuti ya Idara ya Uhamiaji ya huduma za raia wa kigeni, nawe uliye mwenyeji wake ndiwe wa kuandika barua. Hapa ningependa utulie, maana barua nyingi huwa na mistari miwili tu ya heshima na ombi. Eleza kazi yenyewe, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na kwa nini unamhitaji mtu huyu. Kisha waeleze wale vijana wawili: watafundishwa nini, na watabaki kufanya nini atakapoondoka. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo zito kuliko yote uliyoniandikia, kwa kuwa linaonyesha kwamba mgeni haji kumnyang'anya kijana wa Malindi kazi bali kumwachia ujuzi. Ambatisha cheti cha usajili wa biashara, hati zako za kodi, nakala ya pasipoti yake, picha na vyeti vyake vya upishi. Vilivyoandikwa Kiitalia vitafsiriwe kwa Kiingereza. Anza mwezi wa Septemba, na tiketi isinunuliwe kabla ya jibu kutoka.

Sheria hiyo humpa mgeni anayefanya kazi bila idhini faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, na mwajiri naye hushtakiwa. Mkahawa mdogo hauwezi kubeba mzigo huo. Usisahau pia cheti cha afya cha washika chakula. Mpishi wa kigeni hutakiwa kuwa nacho sawa na vijana wako.

SWALI: Mimi ni fundi wa majahazi, Matondoni, Lamu. Nataka binamu yangu wa Pemba aje tufanye kazi pamoja kwa miezi miwili. Wazee wetu walikuja na kusi wakarudi na kaskazi bila kuulizwa. Naye ahitaji hati?
Fundi, Lamu

JIBU: Ndiyo, ndugu yangu, ingawa njia yake ni nyepesi kuliko ya Mwitalia. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa Mtanzania haki ya kuja kufanya kazi Kenya, lakini haikufuta taratibu. Mwenye mkataba usiozidi siku 90 huomba pasi maalumu. Mkataba ukizidi hapo huomba kibali cha kazi, na huomba ndani ya siku 15 za kazi tangu kuufunga. Kitambulisho cha taifa hakitamtosha mpakani, kwani mpango wa kuvuka kwa kitambulisho ni wa Kenya, Uganda na Rwanda. Aje na pasipoti. Akija kwa chombo, asishukie pwani yoyote tu, bali apite penye afisa wa uhamiaji agongewe muhuri. Nanyi andikeni mkataba hata kama ni ndugu wa damu, mtaje jahazi, kazi na tarehe zake, maana hizo siku 90 huhesabiwa kwa mkataba.